Ndege ya Mama na Simenti Yangu

Wenye masomo wako wengi mu Bukavu, lakini aparey ya foto yenye domo refu sawa yangu, sijaiona kwa mutu. Mimi niliacha masomo mu ya tano primeri, nikabeba mifuko ya simenti ku mugongo. Leo mifuko iko mu depo yangu, na watu wananingojaka ku mulango. Kupiga foto nilijifundisha mwenyewe, na nyuki za maua ya maharagi, hapa Bagira nyuma ya nyumba. Mu foto zangu unaona mpaka unga wa maua ku magulu ya nyuki.

Foto yenye mama aliniomba, hiyo njo imenishinda.

Parsele yetu ya kule kijijini Walungu, kando ya jikoni, ilikuwa na kichaka cha maua ya manjano. Asubuhi mama akipepeta maharagi, ndege moja kidogo ya kijani, mudomo wa kupinda sawa sindano ya magunia, ilikuwa inakuja kunyonya yale maua. Mama alikuwa anaisalimia mbele ya kutusalimia siye watoto.

Nilipopata pesa, nilimwaga beto ya simenti parsele nzima, mama asikanyage tena matope. Maua tuliyang'oa kwa siku moja. Mama aliniambia tu: "Aksanti, papa."

Sasa anaishi kwangu. Magulu yamekataa, na jicho moja limeshafungwa, lingine linafuata. Nilikuwa namuonyesha nyuki zangu mu simu, akaniuliza: "Na ndege yangu, haujaipiga?"

Nilienda Walungu, nikaikala asubuhi nzima mu beto. Hata inzi haikupita. Jirani wetu, mama muzee, aliniangalia juu ya lupango ya miti yenye inatutenga.

"Papa wa simenti, unatafuta nini?"

"Ndege ya mama."

"Ndege zinakulaka beto? Pita huku kwangu."

Kwake ilikuwa, mu maua mekundu. Foto moja ilitoka safi, mpaka ulimi unaonekana. Mwenye kupiga ile foto hapa kwetu, ni miye tu.

Mama alisogeza simu karibu na jicho.

"Ni muzuri. Lakini maua ni ya jirani."

"Ndege ni ile ile, mama."

"Sijui, mutoto wangu. Yangu ilikuwa inakuja kwangu."

Nilichukua nyundo, nikarudi Walungu, nikavunja beto yangu kwa mikono yangu, kando ya jikoni. Kijiti cha yale maua ya manjano nilikitafuta vijiji vitatu, nikakipanda pale. Sasa kila siku ya posho, mwisho wa juma, niko pale, aparey ku magulu yake matatu. Kijiti kina majani ine, ua hata moja hakuna. Nyuki moja ilikuja, ikazunguka, ikaenda. Sikuipiga.

Mama anabipu, namupigia.

"Imekuja?"

"Bado."

"Haukuvaa ile shemizi yako nyekundu? Ndege yangu iliogopaka wageni."

"Hapana, mama. Nilinunua ingine, ya rangi ya majani."