Mtaro wa Ndovu

Nikikaa kitini zaidi ya nusu saa, goti langu la kulia huanza kutikisika lenyewe. Kanisani mke wangu huliwekea mkono, na benki mlinzi huanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Watoto wangu walipokuwa wadogo walinitania kwamba nilizaliwa juu ya gurudumu. Nilicheka nao, maana sikutaka kuwaambia kwamba najua hasa lilikotoka hilo goti, siku niliyojua, na mbele ya nani.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimemaliza kidato cha nne, nina leseni ya gari na sina gari. Nyeri ilikuwa imenibana kama kiatu cha mwaka juzi. Nilikuwa na kibarua cha kuongoza wageni wa siku moja. Tajiri wa magari alikaa Nairobi. Kila Jumamosi alituma kombi moja, wakati mwingine ikizungukia Mwea ili watu wanunue mchele, na mimi niliipokea mjini kwetu. Niliwaonyesha wageni makaburi ya Wazungu wa zamani, nikawapandisha hadi vijiji vya Tetu, nikawatembeza kwa miguu kwenye njia ya msituni mpaka kwenye maporomoko. Kisha Chaka kwa nyama choma, halafu Nanyuki kwenye kibao cha ikweta, kila mtu apigwe picha mguu mmoja huku na mwingine kule. Wakati wa kurudi waliniteremsha stendi ya Nyeri, nikabaki na mikono mfukoni nikitazama gari likienda bila mimi.

Hapo ndipo paliponiuma. Sikuwaonea wivu wageni kwa pesa zao wala kamera zao. Niliwaonea wivu kwa sababu walikuwa wanaendelea na safari. Nilitaka kushika usukani wa ile kombi, niende Namanga, niende Mombasa, nilale mji huu na niamkie mwingine. Nilikuwa nimemwandikia tajiri barua tatu za kuomba kazi ya udereva, na sikupata jibu hata moja.

Sasa nieleze kuhusu mtaro. Nusu saa hivi kabla ya kufika kwenye maporomoko, njia ya msituni ilikatwa na mtaro mpana kuliko mtu awezavyo kuruka, na kina chake kilimzidi mtu mrefu, ingawa mvua zilikuwa zimeanza kuufukia na thabai, yale majani yanayowasha, yameota kotekote. Tuliuvuka juu ya magogo mawili. Hakuna mgeni aliyevuka bila kuuliza ni wa nini, na jibu langu lilikuwa tayari. Huu ni mtaro wa ndovu, nilisema, ulichimbwa ili ndovu wa mlimani wasishuke kula viazi vya watu. Nikaongeza chumvi. Nilikuwa na ndovu dume wangu mmoja aliyefika ukingoni, akapima kina kwa mguu, akafikiri, akageuka akarudi zake akinung'unika. Wageni walimpenda sana huyo dume. Kila Jumamosi alizidi kuwa mkubwa.

Kwetu kila mtu alijua kwamba si hivyo. Mtaro ulichimbwa wakati wa Hali ya Hatari, Mwingereza akipigana na watu wetu waliokuwa msituni, ili wao wasitoke na chakula kisiwafikie. Chini palichomekwa mianzi iliyochongwa. Waliochimba ni kina mama wa vijiji vyetu, kwa lazima, wakati waume zao wako kizuizini au msituni humohumo. Nilijua hayo yote, lakini kwa mbali, kama mtu anavyojua habari za babu ambaye hakuwahi kumwona. Nyumbani hayakuzungumzwa. Baada ya uhuru tuliambiwa tusahau tujenge nchi, na watu wetu walisahau kwa bidii ileile waliyotumia kulima. Mama yangu hakuwahi kutamka neno, wala sikuwahi kumuuliza. Isitoshe, nilijitetea, ndovu wenyewe siku hizi waliuogopa mtaro kweli.

Basi Jumamosi moja ya Agosti, baridi na ukungu wa kwetu, kombi ikaja na tajiri mwenyewe ndani yake. Aliniita pembeni kabla sijawasalimu wageni.

"Nimesoma barua zako," akaniambia. "Leo nataka nikusikie. Ukinipendeza, Jumatatu uko Nairobi na gari yako."

Kisha akaongeza kwamba leo hakuna Chaka. Wageni ni walimu kutoka pwani, wako likizo, wanataka kula chakula cha mchana katika boma la mwananchi. Kwa nini nisiwapeleke kwetu?

Singeweza kukataa. Nilimtuma mtu wa baiskeli atangulie akamwambie Maitu, kama tunavyomwita mama kwa Kikuyu, na njia nzima sikumfikiria ndovu wala mtu yeyote isipokuwa yeye. Chakula hakikunitia wasiwasi, maana hakuna aliyemshinda mama kwa mukimo, ule mseto wetu wa viazi, mahindi na mboga. Nilichoogopa ni Kiswahili chake. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha vitabuni na nilikionea fahari isiyo na kiasi. Cha mama kilikuwa kidogo na cha kuungaunga, maneno yake mengi makali, yaliyotoka kinywani kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Na hawa walikuwa walimu wa pwani.

Tulimkuta amesimama mlangoni, kitambaa kipya kichwani.

"Kaa!" akawaambia wageni. "Kaa chini! Kula! Haraka!"

Walimu walitazamana. Wakakaa. Walipopunguza mwendo wa kula, akawasimamia: "Kula! Kula haraka!" Nilitamani ardhi inimeze pamoja na sufuria. Mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima mwenye sauti ya upole, alicheka bila ubaya.

"Mama, umetukirimu, Mungu akuzidishie," akasema. "Hiki Kiswahili chako cha amri ulijifunzia wapi?"

Mama aliziba mdomo kwa kiganja, akacheka kidogo, akaenda kuleta chai.

Tulipoteremka garini kwenye mwanzo wa njia ya msituni nikamwona amekuja kwa njia ya mkato, yuko nyuma yetu na panga na ule ukanda wake wa ngozi wa kubebea kuni. Ilikuwa siku ya kina mama kuokota kuni. Nilimwambia kwa Kikuyu asubiri kwanza tupite. Akaniambia msitu si wangu. Tukaenda hivyo, mimi mbele nikitaja majina ya miti na kuwaonyesha mbega juu ya matawi, tajiri akitikisa kichwa kwa kuridhika, mama nyuma kabisa.

Kwenye magogo nilisimama. Mwalimu mmoja akauliza kama ilivyotarajiwa, na mimi nikaanza. Siku hiyo nilisema vizuri kuliko siku zote. Dume wangu alifika ukingoni. Alinyoosha mguu.

"Ndovu?" sauti ikauliza kutoka nyuma. "Ati ndovu? Ndovu gani, baba?"

Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake. Walimu waligeuka. Mama alikuwa amepita katikati yao, sasa amesimama ukingoni, anatazama chini kwenye thabai.

"Hii mtaro ni sisi tulichimba," akasema. "Wamama. Kutoka asubuhi mpaka jua inaingia." Kisha akamtafuta yule mwalimu wa kike kwa macho. "Wewe uliniuliza Kiswahili nilijifunza wapi. Ni hapa ndani. Askari alikuwa anasimama hapo juu na bunduki. Chimba! Kimya! Kaa chini! Kula haraka! Hiyo ndiyo Kiswahili niko nayo."

Tajiri alitazama saa yake. Niliona Jumatatu yangu inaporomoka mtaroni, na sitaficha nilichofanya, ingawa nimejaribu mara nyingi kukisahau. Nilitabasamu. Nikawaambia wageni, "Mama anapenda utani."

Alinigeukia polepole. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa heri angekasirika.

"Utani? Na wewe ulikuwa hapa," akasema. "Kwa mgongo yangu. Ulikuwa mtoto ya miezi tatu. Nikichimba, unalala. Nikisimama kidogo ninyooshe mgongo, unaamka, unalia. Ukilia, askari anakuja na kiboko. Sasa sikusimama."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza alivyopanda maharagwe. Halafu akavuka magogo bila kuangalia chini, panga mkononi, akaingia msituni kutafuta kuni zake. Mwalimu wa kike alikuwa analia waziwazi. Mimi nilikuwa natazama goti langu la kulia, ambalo lilikuwa linatikisika, na kwa mara ya kwanza maishani sikuhitaji kujiuliza kwa nini. Niliona aibu, nikaona na hasira, na sikujua namkasirikia nani.

Tulifika kwenye maporomoko. Sikumbuki nilisema nini huko. Nakumbuka kwamba walimu walipiga picha chache, na kwamba wakati wa kurudi tulimkuta mama njiani na mzigo wa kuni, wakamlazimisha apande gari. Alikaa nyuma ya dereva, kuni zikiwa miguuni pa walimu, mpaka tulipofika kwetu.

Tajiri aliteremka pamoja nasi. Alisubiri kuni zishushwe.

"Kijana, kazi unaijua," akasema. "Jumatatu njoo uchukue gari. Lakini ule mtaro ni wa ndovu. Watu wanalipa waje kupumzika, hawaji matanga. Tumeelewana?"

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa miaka. Nilimtazama mama. Alikuwa ameinama akifungua ukanda wa kuni, na nilidhani hakusikia, au hakuelewa.

"Sema ndio," akasema bila kuinua kichwa. "Haraka."

Nikasema ndio.

Jioni ile nilikaa naye jikoni, nikajaribu kuomba radhi. Nilizunguka maneno mpaka akachoka. Akaniuliza kwa Kikuyu kama nilifikiri alinibeba mle mtaroni ili nije kuzeekea stendi ya Nyeri. Kisha akanipakulia mukimo uliobaki wa walimu, akakaa kunitazama nikila.

Niliendesha gari la yule tajiri miaka mingi. Nilifika Namanga, nikafika Mombasa, nikalala miji zaidi ya ile niliyoota. Watu walidhani nimepata nilichotaka, na kusema kweli nilikuwa nimekipata. Lakini safari za Nyeri nazo ziliendelea, na kila mara zilinifikisha kwenye yale magogo mawili. Niliahidi, na nilitimiza. Nilisema ndovu. Yule dume sikumtaja tena, ila ndovu nilisema.

Safari moja nilikuja na wageni wa nchi za nje, kama wanane hivi. Tulipokaribia mtaro nikamwona mama amekaa ng'ambo ya pili, mzigo wa kuni kando yake, anapumzika. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Nilitaka kurudi nyuma, lakini mgeni wa mbele alikuwa ameshauliza. Kila mtu alikuwa akinitazama. Mama pia alikuwa akinitazama.

Nilikawia. Nadhani alihesabu nilivyokawia, maana aliinuka kwa shida, akaushika mgongo wake kwa mkono mmoja kama anavyofanya, kisha akainyoosha mikono yote miwili kando kadiri ilivyofika.

"Ndovu!" akawapigia wageni kelele kutoka ng'ambo. "Mingi! Kubwa!"

Akapunga mkono mmoja mbele ya uso wake kama mkonga. Wageni walicheka, wakampigia makofi, wakatoa kamera, naye akabaki amenyoosha mikono pale ukingoni mpaka wa mwisho alipomaliza kupiga picha.

Nilivuka magogo. Nilipopita karibu naye alisema taratibu, "Enda, baba," na mimi nikaenda, nikiwaongoza wageni kuelekea kwenye maporomoko. Sikusimama.