Jina Lisiloitwa Penye Maji

Mama mkwe wangu, Sidi, aliuza mihogo ya kukaanga kando ya barabara ya Mama Ngina, Mombasa, kwa miaka zaidi ya thelathini, na sidhani kuna mteja aliyewahi kumwona akiitazama hiyo mihogo. Mkono ulikata, ukanyunyiza pilipili na ndimu, macho yakiwa kwa wapita njia. Alikuwa akimtafuta mumewe. Nalisema hili mapema nisije nikaonekana nilikuwa sijui.

Mume huyo aliitwa Kahindi. Mwaka wa sitini na moja, mwaka wa mafuriko makubwa, aliingia mto Sabaki kule Jilore akitaka kuvuka kwenda kuwatazama mbuzi wake ng'ambo. Hakuonekana tena, wala maiti haikupatikana. Baadaye mtu mmoja, Mungu amsamehe, akaleta habari kwamba amemwona bandarini Mombasa akibeba magunia. Sidi akamchukua mwanawe wa pekee, Thoya, akahamia Mji wa Kale, akapanga chumba kwa Abdulghafur na kutundika kikoi cha mumewe kwenye msumari nyuma ya mlango. Matanga hakuyakalia. Ndugu walipomsihi alijibu kwamba hawezi kumlilia mtu ambaye huenda jioni hiyo hiyo akabisha hodi.

Mimi niliolewa na Thoya mwaka wa sabini na nne. Kwetu ni Kakamega, na huku pwani nilikuja kupiga chapa katika ofisi za reli. Mtoto wetu wa kwanza alipewa jina la babu yake, kama ilivyo desturi ya Wagiriama, na kama ilivyo desturi vilevile, bibi yake akawa anamwita "mume wangu." "Mume wangu amekula?" alikuwa akiniuliza, nami nikimjibu, "Mumeo amekojoa kitandani, njoo umwanikie godoro." Tulitaniana hivyo miaka na miaka.

Ila palikuwa na sharti moja lisilo na mzaha. Jina la Kahindi halikuitwa penye maji, si ufukweni, si kwenye feri ya Likoni, hata kisimani. Aliyechukuliwa na maji akisikia jina lake ataitika, Sidi alisema, naye hakutaka mumewe aitike kutoka humo. Mimi ni mtu wa kanisa. Niliona ni upuuzi, na nikautii kwa miaka ishirini.

Agosti ya tisini na sita Kahindi wetu, kijana wa miaka ishirini na mmoja, alikuwa amepata kazi katika kampuni moja iliyowapitisha watalii kwa boti za mpira kwenye maji makali ya Mto Athi. Kampuni ikawapa wafanyakazi Jumamosi moja walete jamaa zao. Thoya akataka twende sote, na mama yake pia. Sidi akauliza ni mto gani.

"Ni Mto Athi, mama," nikamjibu. "Wa huko kwa Wakamba. Sabaki ni mwingine."

Nilikuwa nimeiona ramani ofisini. Nilijua kabisa kuwa ni maji yale yale yanayobadilishwa jina njiani. Lakini sikuwa nimewahi kwenda likizo maishani mwangu, na safari hii niliitaka, basi.

Tulipanda basi Mwembe Tayari, tukashuka Mtito Andei, na lori la kampuni likatufikisha mtoni. Joab, kiongozi wa boti, akatuvisha makoti ya kuelea na kofia ngumu, akatufundisha kushika makafi. Sidi alikaa juu ya jiwe na vikapu vya chakula, akasema yeye atatungoja hapo.

"Mtu akianguka, mwiteni kwa jina, kwa nguvu," Joab alimalizia. "Kwenye povu haoni kitu. Atafuata sauti."

Hapo Sidi akauliza, "Baba, maji haya yaishia wapi?"

"Yanapita Tsavo, nyanya, huko yanaitwa Galana. Mwisho yanaitwa Sabaki, yanaingia baharini karibu na Malindi."

Sidi hakuwa na neno na Joab. Alinigeukia mimi. "Zilpah, wewe ndiwe ujuaye kusoma," akasema polepole. "Nami nilikuamini."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kumwambia turudi, lakini alikuwa ameshasimama na kunyoosha mikono avishwe koti. Thoya akajaribu kumzuia.

"Niache, mwanangu. Miaka thelathini na mitano nawauliza watu barabarani, na mto wenyewe sijauuliza. Naogopa. Leo nimeshafika."

Tukaingia boti moja, Sidi katikati yetu, Kahindi mbele, Joab nyuma. Mahali pa kwanza maji yalipochafuka tulipita tukicheka. Pa pili nilicheka peke yangu, kwa sababu nilimwona Sidi ametia kiganja majini na hakitoi. Pa tatu boti ilipanda jiwe, ikalala ubavu, na Kahindi akarushwa majini. Sisi na boti tukasukumwa hadi kwenye maji yaliyotulia, na kafi lake likanipita likielea peke yake.

"Mwiteni!" Joab alipaza sauti.

Hakuna aliyeita. Nami, mama niliyemzaa, nilikuwa na jina la mwanangu ulimini nikashindwa kulitoa. Upuuzi nilioudharau ndio ulionizuia. Sijajisamehe hadi leo.

Sidi ndiye aliyeita. "Kahindi!"

"Hawe!" kijana akaitika nyuma yetu, kwa jina Wagiriama wanalowaitia bibi zao. Alikuwa amelikumbatia jiwe. Na wakati huo huo, mbele yetu, kule maji yanakokwenda, ambako hapakuwa na boti wala mtu, mwanamume mzima aliitika, "Naam." Hakuwa na haraka. Ningesema ni masikio yangu, lakini Joab, asiyejua lolote la ukoo wetu, alikuwa ameiacha kamba ya kumtupia Kahindi na kugeuza shingo kutazama huko mbele.

Kahindi aliachia jiwe, akaifuata sauti ya bibi yake, Joab akamkamata kwa ukosi wa koti na kumvuta ndani. Nilimshika nikalia. Sidi hakugeuka. Aliendelea kutazama mbele, kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata jibu, "Haya. Nimesikia."

Tuliporudi Mombasa alikiangua kikoi msumarini, akakifua, akakikunja. Akatandika mkeka sebuleni na kukaa kitako, kichwa amekifunika. Abdulghafur alipoona majirani wakiingia alikuja na kilo mbili za sukari, amefadhaika.

"Makiwa, Sidi. Ni nani aliyefariki?"

"Mume wangu."

Mzee wa watu akanitazama, kisha akamtazama yeye. "Alifariki lini?"

Sidi akafikiri kidogo. "Jumamosi," akasema. Kisha akamgeukia mjukuu wake, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakumwita "mume wangu." "Kahindi, mletee mgeni kiti."

"Naam, hawe," kijana akaitika kutoka uani.

Wote walisikia ni yeye. Mimi nilikaza masikio kwa muda zaidi, kama ninavyofanya hadi leo kila anapoitwa, mpaka niwe na hakika kwamba aliyeitika ni mmoja.