Jioni ya Vishazi na Mkaguzi

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilifundisha watu wazima Kiingereza jioni, katika ukumbi mmoja hapa Kisumu. Wiki moja tukaambiwa mkaguzi anakuja kuamua kama darasa litaendelea au litafungwa. Sikuwa na kazi nyingine. Aliyeniona nikitabasamu siku zile ajue nilikuwa namdanganya.

Somo lilikuwa vishazi. Niliandika kishazi tegemezi kwenye kadi moja, "When the rain stopped", na kishazi huru kwenye nyingine, "the women went to the market". Watu wawili wangesimama mbele na kadi zao, kisha wasogeleane mpaka sentensi ikamilike. Wanafunzi wangu walielewa upesi zaidi wakiwa wamesimama.

Mkaguzi alikaa nyuma, kalamu mkononi. Nikamwita karani wa reli, mwanafunzi wangu hodari kuliko wote, nikampa kadi ya kwanza. Ya pili nikampa mama mmoja muuza samaki aliyeanza masomo juzi tu. Nikawaambia wasogeleane.

Hakuna aliyesogea. Karani aliugeukia ukuta. Mama aliinama, akavuta leso ikamfunika uso. Nikarudia kwa sauti ya juu. Damu ilinichemka, niliona watu wawili wakinichimbia kaburi mbele ya macho yangu, nikamshika karani mkono nimvute.

"Mwalimu, tafadhali," akasema polepole. "Huyu ni mama ya bibi yangu. Mimi siwezi simama karibu na yeye."

Nikauachia ule mkono kama niliyeshika sufuria ya moto. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwasukuma. Karani aliweka kadi mezani, akatoka nje. Ndipo yule mama akaiokota, akazishika zote mbili, akasoma sentensi nzima. Mkaguzi akamuuliza ni sehemu gani isiyojitosheleza. Akainua ile ya mvua.

Darasa likapona. Nilishukuru sana.

Lakini karani hakuonekana tena. Alihitaji Kiingereza ili apandishwe cheo, na mjini hapakuwa na darasa lingine la jioni. Nilimfuata stesheni, nikamsihi arudi.

"Mama akisikia nimerudi, yeye ataacha," akaniambia. "Wacha asome."

Nilimkasirikia njia nzima. Jioni ilipofika nilikwenda kumfundisha mama mkwe wake.