Sokwe wa Shamba la Miwa

Nilikuwa naenda Muhoroni, ndani ya suti mpya, kumposa Akinyi kwa baba yake ambaye sikuwahi kumwona. Karibu na kwao, mnyama mkubwa akatoka kwenye miwa, mweusi tititi, mgongo umejaa manyoya marefu. Niliruka kutoka kwenye bodaboda nikajitosa mtaroni, nikilia, "Sokwe!"

Mwendeshaji alizima pikipiki. "Mzee, habari ya kazi?"

"Nzuri. Miwa ilichomwa jana, leo tunakata."

Mnyama akatua mzigo wa majani ya ng'ombe, akapangusa masizi usoni, nikayaona macho ya Akinyi. Nikajua nimekosa mke.

"Ndiye mgeni wetu huyu?" akauliza, akininyooshea mkono. "Toka huko, kijana. Mimi kwa wakwe zangu nilikimbia bata mzinga."