Kidole cha Mama

Mtaani walimwita Malenga wa Pasi, na jina hilo alilipata kwa haki, kwa sababu duniani hakuwa na kazi nyingine ila hizo mbili: kunyoosha nguo za watu na kuwatungia mashairi. Alikuwa dobi kwenye duka la kufulia lenye chumba kimoja mbele na ua wa kuanikia nyuma. Kwa miaka ishirini na mitatu alisimama mbele ya meza ileile yenye blanketi kuukuu, pasi mkono wa kulia, midomo ikimchezacheza. Wateja wapya walidhani anasali. Wa zamani walijua kwamba kuna mtu anaoa wiki ijayo.

Nikuambie kwanza alivyokuwa akitunga, maana bila hilo hutaelewa kilichompata. Mashairi yake yalikuwa ya kizamani, mstari una vipande viwili, kila kipande silabi nane, hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Wengine huhesabu silabi kwa vidole vyao. Yeye alihesabu kwa kidole cha mama yake. Mama alikuwa mshonaji, na jioni mwanawe akirudi alimkuta kwenye cherehani, akakaa kwenye kigoda, akamsomea alichotunga mchana. Mama hakujua kusoma hata jina lake, lakini sikio lake lilikuwa kali kuliko mkasi wake. Mstari ukipungua silabi moja tu, aliinua kidole cha shahada na kukiacha juu, kimya, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani, mpaka mwanawe arekebishe. Mstari ukitimia, kidole kilibaki kimelala juu ya kitambaa. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yenyewe. Maisha yake yote mama hakuwahi kumwambia kwamba shairi ni zuri, na mimi namlaumu kidogo kwa hilo, lakini ndivyo alivyokuwa.

Kisha mama akaanguka. Kiharusi kilimkuta asubuhi akivaa viatu. Hospitali walimrudisha nyumbani baada ya wiki tatu, upande wa kulia umekufa ganzi, ulimi haugeuki, macho yako dirishani tangu asubuhi mpaka jioni. Ukimlisha anameza. Ukimwita hageuki. Dada yake Malenga, mjane aliyemzidi miaka sita, alihamia chumbani kwa mama na kuchukua kazi yote ya kuogesha, kugeuza na kulisha. Malenga alichukua kazi ya kukaa kwenye kigoda asijue la kufanya.

Waliwahi kumuuliza muuguzi, aliyekuja kila Jumatano kumnyoosha mgonjwa viungo, kama mama anasikia.

"Huenda anasikia, huenda hasikii," alisema. "Siwezi kuwadanganya. Nyinyi zungumzeni naye tu."

"Tuzungumze nini?" Malenga akauliza.

"Chochote. Si nasikia wewe ndiye mtu wa maneno?"

Mtu wa maneno hakuwa na neno hata moja. Tangu siku mama alipoanguka hakuwa ametunga hata kipande. Akiweka pasi kwenye shati, neno la kwanza lilikuja, la pili likalifuata, la tatu likaja likichechemea, na hapo alisimama kusubiri kidole, na kidole hakuna. Hakujua tena kama mstari ni mzima au ni kilema. Alijaribu kila dawa aliyotajiwa. Kinyozi wa jirani alimwambia kutembea kunafungua kichwa. Akatembea mpaka soli ikaachia. Mwenye duka, mama mmoja mwenye huruma nyingi na subira kidogo, alimnunulia daftari jipya lenye jalada gumu, na daftari likabaki jeupe kama lilivyotoka dukani. Akabadilisha kalamu. Akaacha chai, akairudia. Akaunguza mashati mawili katika mwezi mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata siku za uanafunzi wake. Watu walipokuja kuomba mashairi ya harusi alisema ana mafua. Mafua yakafika mwezi wa tano, watu wakaacha kuuliza.

Usidhani alikuwa analilia sifa. Alichokitaka ni kitu kimoja tu, mama asikie shairi lake jipya walau moja kabla hajaondoka, na yeye ajue kwa hakika kwamba amesikia. Na kila siku iliyopita aliiona nafasi hiyo inapungua, naye amekaa pale pale, mikono mitupu.

"Kama mapya hayaji, msomee ya zamani," dada yake alimwambia Jumapili moja mchana, akikunja mashuka. "Mtu gani anakaa saa tatu kwenye kigoda kama anasubiri kuitwa kwa daktari?"

Akalitoa daftari la zamani, lile lililokaa miaka mingi juu ya meza ya pasi na kupata makovu yake. Akasoma bila hamu, shairi baada ya shairi, mama akitazama dirisha. Akafika kwenye shairi la harusi ya muuza magazeti, ambaye siku ya kuoa alitetemeka hata akavaa viatu vya rangi mbili. Mstari wenyewe ulikuwa huu:

Bibi harusi tulia, bwana ana wasiwasi.

Ila pale penye "ana" ncha ya pasi iliwahi kupita, pakabaki tundu la kahawia. Malenga, akili ikiwa mbali, akasoma kilichosalia: "Bibi harusi tulia, bwana wasiwasi."

Dada yake ndiye aliyeona kwanza. Aliacha kukunja shuka.

"Rudia hapo," akasema kwa sauti ndogo.

"Nimekosea, pana tundu."

"Nimesema rudia. Kosea vilevile."

Akarudia. Mkono wa kushoto wa mama ulikuwa juu ya blanketi. Kidole cha shahada kikainuka polepole, kikafika juu, kikabaki pale kikitetemeka. Malenga akausoma mstari tena, safari hii na "ana" yake mahali pake, na kidole kikashuka kikalala. Alilia bila kujificha. Dada yake naye akalia huku akimgombeza, kwamba miezi mitano umekaa hapo umefunga mdomo, kumbe mwenzio yumo humu ndani anakusubiri.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Jumatano walitaka kumwonyesha muuguzi, wakausoma mstari uleule wa muuza magazeti ukiwa na tundu lake, na mama hakufanya lolote. Malenga akaharibu mwingine wa zamani, kidole kikainuka. Akauharibu huohuo mara ya pili, mama akafumba macho. Alikuwa mama yuleyule, hakupenda kuchezewa kwa kosa alilokwisha kulisahihisha. Malenga akajaribu kumletea maneno ya ovyo tu, yasiyo na kichwa wala miguu, na hayo hayakumtikisa hata ukucha. Mama hakuwahi kusahihisha upuuzi. Alisahihisha mstari mzuri uliopungua, basi.

Kwa hiyo ilibidi dobi wetu afanye kazi ambayo sijasikia mshairi mwingine akiifanya: atunge mstari mpya, autimize, kisha aukate silabi moja ndipo ampelekee mama. Na hapo ndipo kile kilichokuwa kimeziba miezi yote kilipozibuka. Mstari ambao utauvunja mwenyewe hauna cha kukutisha. Ukija kilema, vizuri, umekuondolea kazi. Alianza kuandika nyuma ya vikaratasi vya namba vinavyobanwa kwenye nguo za wateja, viwili kwa siku, kisha vitano, kisha mwenye duka akalalamika kwamba suruali zinarudi kwa watu zikiwa na mashairi. Aliandika "Mama inuka useme," akaukata ukawa "Mama inuka sema," akaupeleka jioni, kidole kikainuka. Alirekebisha, kikalala. Wengine hupeleka matunda kwa wagonjwa. Yeye alipeleka mistari mibovu, na alipeleka kwa furaha ambayo mtu mzima huona aibu kuionyesha.

Hali hiyo ilidumu wiki saba. Katika wiki ya nane kidole kilianza kuchelewa. Ungesoma mstari uliopungua, ukasubiri, ukahesabu mpaka kumi na tano, ndipo kiachane na blanketi kidogo. Kisha siku moja hakikuinuka kabisa, na kesho yake kikainuka. Muuguzi alimmulika mama machoni kwa kitochi, akambonyeza kucha, akakizima kitochi.

"Kichwani mambo yanaweza kuendelea kuharibika kidogo kidogo," alisema. "Sina la kuwaahidi, ndugu zangu. Hospitali nako hawatafanya zaidi ya haya mnayofanya."

Malenga alirudi kwenye meza yake. Alitunga haraka haraka, kama mtu anayeokota nguo kambani mvua imeanza. Alhamisi alipeleka mstari mbovu, kidole hakikuinuka. Ijumaa asubuhi, kabla ya kazi, akapeleka miwili, ikawa vilevile.

Ijumaa hiyohiyo mchana, akinyoosha mashuka meupe ya mteja mmoja, lilikuja shairi zima. Halikuombwa. Lilikuja beti nne zikifuatana, na lilihusu gauni la mteja ambalo mama aliliacha kwenye cherehani kabla hajaanguka, na ambalo hakuna mtu nyumbani aliyekuwa na moyo wa kulitoa. Lilianza hivi:

Gauni li sindanoni, bado mkono wa pili,
Nalishika mkononi, sijui kushona kweli.

Aliliandika kwenye lile daftari lenye jalada gumu. Kisha, kwa mazoea, akashika kalamu apunguze silabi za kumpelekea mama. Akaondoa neno, akalirudisha. Akajaribu ubeti wa pili, akajaribu wa nne. Kila alipong'oa kitu aliona ameng'oa jino la mtu mzima. Jioni ilimkuta hajaharibu hata mstari mmoja.

Jumamosi alasiri akakaa kwenye kigoda. Dada yake alikaa upande wa pili wa kitanda, macho kwenye mkono wa kushoto wa mama. Malenga akasoma beti zote nne, mistari kumi na sita, bila haraka. Mkono haukusogea tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Hajainua," dada yake akasema.

"Hakuna cha kuinulia. Imetimia yote."

"Mimi nitajuaje, mdogo wangu? Jana ulimsomea mibovu na hakuinua pia."

Malenga alilijua hilo kabla hajaingia chumbani. Mama aliyeridhika na mama asiyekuwepo tena walikuwa na mkono mmoja, ule ule, umelala juu ya blanketi.

"Sasa haribu mmoja," dada akasema taratibu. "Mmoja tu, tujue."

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Angeweza kusema "sijui kushona" na kuacha "kweli," kisha wangehesabu pamoja. Akafungua mdomo. Aliogopa, na hakuwa anaogopea shairi. Kwa jinsi mambo yalivyokuwa dakika ile, mama alikuwa amelisikia shairi lake kuanzia mwanzo hadi mwisho na hakuona kasoro, na hakuna mtu aliyeweza kumnyang'anya Malenga hilo ila yeye mwenyewe.

"Haya," dada akasema.

Malenga akalisogeza daftari karibu na macho, akaanza tena ubeti wa kwanza, mzima kama ulivyo, na safari hii hakuutazama mkono.