Vijiko vya Lukole

Safari hii nilipofika nyumbani nilimkuta mdogo wangu amekaa kizingitini mwa jiko, anapitisha sumaku ya spika mbovu juu ya vijiko. Yeye ni mwalimu wa kemia katika sekondari ya kata, si mbali na palipokuwa kambi ya wakimbizi ya Lukole. Kila kijiko cha sokoni kilinaswa na sumaku, naye akakitupa pembeni.

"Kaka mzururaji," alisema bila kuinuka, "Kahama wamekufukuza au umejifukuza?"

"Nimezikumbuka ndizi."

"Zenyewe hazikukukumbuka."

Alitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi umeme unavyoyatenganisha maji yakatoa haidrojeni, gesi inayowaka bila moshi. Umeme alikuwa nao, wa paneli ndogo ya shule. Kilichomshinda ni vyuma vya kutumbukiza majini. Platini ndiyo bora, lakini shule yetu itaishia kuisoma kitabuni. Misumari iliyageuza maji kuwa uji wa kutu, na kaboni za betri za tochi zilimomonyoka. Alikuwa amesoma kwamba nikeli, hii hii wanayosema imelala chini ya vilima vya Ngara, inafanya kazi hiyo kwa bei ndogo, na kwamba vijiko vizuri visivyoshika kutu vina nikeli ndani yake. Vya namna hiyo sumaku haivinasi.

"Kinaitwa kichocheo," alinieleza. "Kinayasaidia maji kuachana upesi, lakini chenyewe hakiliwi."

Mama alitupatia majivu ya maganda ya ndizi, yale anayolainishia maharage, kwa sababu maji yake hupitisha umeme vizuri. Alitoa debe zima, akicheka kwamba hatimaye wasomi wameyagundua majivu yake. Lakini mdogo wangu aliposema, "Na vile vijiko vya kabatini, mama," kicheko kilikatika.

Vilikuwa vya mwanamke mmoja Mrundi wa kambini, aliyekuwa akija kwetu kulima kibarua nilipokuwa sekondari. Kihangaza chetu na Kirundi chao vinasikilizana, kwa hiyo yeye na mama walianza kwa kupatana ujira, wakaishia kusukana nywele. Alikuja na binti yake mdogo mwenye kifua kibovu. Mtoto yule alikohoa migombani kwetu kutwa nzima. Mpaka leo, nikiwa nyumba ya wageni Geita au Runzewe, mtu akikohoa chumba cha pili najikuta nimekaa kitandani nikisubiri akohoe tena.

Mtoto yule alizikwa kambini. Malori ya kuwarudisha kwao yalipofika, mama yake alileta vijiko viwili, chake na cha mtoto. Cha mtoto kilichorwa msalaba mdogo kwa msumari kwenye mpini. "Nitunzie," alimwambia mama yetu. "Nikiwa na kitu kwako nitarudi, na nikirudi nitafika na kaburini."

Hajarudi. Kule makaburini siku hizi pana mikaratusi na mashamba ya mihogo. Kila nikija naenda kuzunguka pale, na kila mara narudi bila kujua kama nimemkaribia au nimemkanyaga. Mama huviosha vile vijiko, huvipangusa, huvirudisha kabatini. Hakuna aliyewahi kula chakula navyo.

"Si vyangu," mama alisema.

"Havitaisha, mama. Vinaingia majini, vinafanya kazi, vinatoka."

"Vinatoka kama vilivyoingia?"

"Kama vilivyoingia."

Mama alinitazama mimi, kana kwamba mtu asiyekaa mahali pamoja anajua zaidi habari za vitu vinavyorudi.

"Basi nitavileta mwenyewe," alisema.

Alivibeba hadi shuleni vimefungwa kwenye kipande cha kitenge. Darasa zima lilisimama. "Shikamoo bibi!"

"Marahaba wajukuu. Kaeni, mtaniangusha kwa sauti hizo."

"Madamu, leo tunapika?" mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Tunapika maji. Wewe utaonja."

Mdogo wangu alivibana vijiko kwenye nyaya bila kuuliza kipi ni cha nani, akavizamisha katika dumu lililokatwa, lenye maji ya majivu. Mara mapovu yakaanza kupanda kwenye vyote viwili, kama maji yanayochemka bila moto. Alikinga yale ya kijiko cha mama mtu kwa kibomba cha kioo, akasogeza kiberiti. Pa! Wasichana wakapiga kelele, wavulana wakawacheka.

"Hiyo ndiyo haidrojeni."

"Na upande huu?" mama aliuliza, akionyesha kijiko chenye msalaba.

"Huo unatoa oksijeni, mama. Ile hewa tunayovuta."

Mama aliinama mpaka uso ukakaribia dumu. Mapovu yalipanda madogo madogo, bila kukatika. Alikaa hivyo muda mrefu.

Kisha maji ya upande ule yakaanza kuwa ya manjano. Mdogo wangu alikatiza maelezo, akachomoa waya, akakitoa kijiko kwa koleo. Kilikuwa na rangi ya chai ya rangi.

"Hii rangi ndiyo nikeli na chuma vinavyofanya kazi," alisema taratibu. "Lakini umeme ulizidi. Kuna kitu kingine ndani yake kimeyeyuka, na ni sumu. Hiki kisiingie tena kinywani mwa mtu. Nilikuahidi, mama. Nisamehe."

"Kile kingine?"

"Kizima kabisa."

"Kwa hiyo cha mama kimepona," mama alisema. "Cha mtoto ndicho kimekwenda."

Mama aligeukia mlangoni akaanza kuzungumza kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mgeni aliyefika wakati mbaya. Alisema aliambiwa kitarudi kama kilivyo. Alisema alikileta kwa mkono wake, mtu mwingine asilaumiwe. Mlangoni sikuona mtu. Hata hivyo nilisogea, nikapisha.

"Tuishie hapa?" mdogo wangu aliuliza.

"Hakifai tena?"

"Hakifai, mama."

"Basi mrudishe. Mwache apumue."

Alikirudisha, akaunga waya. Akafungua madirisha yote na kuwasogeza wanafunzi nyuma. Hakuna aliyetoka kengele ilipolia. Tulibaki pale mpaka jua lilipoiacha paneli na mapovu yakapungua, yakawa moja moja, na mama akawa anayangojea kila moja.