Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini maziwa mgando nayajua. Wajukuu zangu wakipanda kutoka mjini wananiambia, bibi, siku hizi madaktari wanasema yanafaa tumbo. Nawajibu, madaktari wamechelewa. Hapa kwetu Old Moshi alipewa hayo mtoto wa kuachishwa ziwa, akapewa mzazi, akapewa mgonjwa. Na mimi ninayejisifu hivi ndiye niliyeyaharibu, mwaka ule yalipohitajika kuliko miaka yote.

Ilikuwa miaka ya foleni, sabuni inagawiwa kwenye duka la kijiji kipande kipande. Mama mkwe alikuwa amelala chumba cha ndani, koo limembana. Ndizi hamezi, mtori, supu laini ya ndizi, anautema. Kilichopita ni mgando tu, tena wa kibuyu chake mwenyewe, alichopewa na mama yake alipoolewa. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Hicho ndicho kilichomweka duniani.

Wakapita mabibi afya, wakatukusanya akina mama na kutufundisha usafi: vyombo vya mgonjwa vioshwe kwa sabuni. Nilipenda sana kuitwa mwanamke msafi. Kipande nilichopata sikukipeleka kwenye mashati ya mume wangu, nilikipeleka kwenye kibuyu. Nikatia changarawe, nikatikisa, nikasuuza mara tatu, nikakianika juani.

Kibuyu hakioshwi kwa sabuni. Kinapata maji ya moto, kinafukizwa kwa moshi wa kijinga cha moto, halafu unabakiza maziwa kidogo ya zamani chini ili yagandishe mapya. Usiseme sikujua. Nilijua tangu msichana, ila sifa zilinipanda kichwani.

Nikatia maziwa, siku ya tatu nikamimina. Yakatoka maji na mabonge, yananuka kama nguo zilizofuliwa. Mama mkwe akaonja, akanirudishia kikombe.

"Umekifanya nini kibuyu changu?"

"Nimekiosha, mama."

"Kwani kililaliwa na maiti?"

Jioni hakula kitu.

Mgando mzuri kama wake ulikuwa kwa mama mmoja tu, ng'ambo ya mfereji wetu wa maji. Hao wawili waligombana juu ya zamu ya kumwagilia migomba, wakanyimana salamu miaka mingi. Nikavuka na kopo langu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkweo amekumbuka njia ya kwangu?"

"Hajui kama nimekuja. Hawezi kumeza kitu kingine."

Akanitazama, akachukua kopo, akalijaza hadi mdomoni. "Mwambie anywe bila hofu. Maji ya mfereji sikutia."

Nikarudi mbio, nikamkalisha mgonjwa, nikamwekea kikombe mdomoni. Alinusa tu.

"Haya ni ya yule wa ng'ambo."

"Kunywa, mama. Nakusihi."

"Miaka yote sijamwomba maji, leo nimwombe maziwa?"

"Sio wewe uliyeomba. Ni mimi."

"Basi kunywa wewe."

Akageukia ukutani.

Nilikifukiza kile kibuyu kila siku, nikatia maziwa, nikamwaga, nikatia tena. Sabuni ilikuwa imeingia hadi ndani ya ganda. Alikaa siku tisa kwa maji ya uvuguvugu, akawa mwepesi hata nikambeba peke yangu kumtoa nje aote jua. Ya kumi sikumtoa.

Tulimzika kihambani, shamba letu la ukoo, kati ya migomba. Yule mama wa ng'ambo alikuja, akasubiri watu wapungue, akanishika mkono.

"Aliyanywa?"

"Aliyanywa, mama. Yote."

"Alisema nini?"

"Alisema una mkono mzuri."

Akajifunika uso kwa kanga, akalia kuliko sisi wenye msiba. Mkono alikuwa nao kweli. Maziwa yake niliyanywa mimi siku ile alipoyakataa, nimesimama jikoni, maana njaa ilikuwa imeniuma toka asubuhi. Yalikuwa mazito na matamu, na nilikomba hadi chini ya kopo.